Safari ya Kufuata Ngoma: Tabora na Njia Kuu ya Misafara

Tabora hutajwa kwa asali yake, kwa miembe yake, na kwa reli inayogawanyika hapo, tawi moja likielekea Kigoma na jingine Mwanza. Wanahistoria huitaja kwa pembe za ndovu, kwa vita vya Mirambo wa Urambo, na kwa mwisho wa Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893 alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kujisalimisha kwa Wajerumani. Ni nadra mtu kuitaja kwa jambo jingine ambalo watu wake wamelifanya vizazi kwa vizazi, nalo ni kufunga safari ndefu kwa ajili ya ngoma: kwenda kuicheza, kwenda kuisikiliza, au kwenda kushindana nayo katika mji wa watu.

Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa insha. Ngoma, atasema, ni starehe ya jioni, na historia ya taifa ni habari ya kazi, vita na siasa. Lakini hebu tumwangalie mtu anayekusudia kwenda mji wa mbali kwa ajili ya muziki. Anahitaji kujua siku yenyewe, na kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumletea habari. Anahitaji njia, nauli au posho, mahali pa kulala, mavazi yasiyomwaibisha, na ruhusa ya wale anaowaacha nyuma. Anahitaji pia amani ya njiani. Ukiuliza mtu huyu aliyapataje hayo yote katika mwaka 1860, au 1920, au 1975, utajikuta unauliza nchi yenyewe ilikuwaje. Nami nadhani kwamba katika upande huu wa magharibi ya Tanzania swali hilo hutufungulia mlango ambao habari za wafalme na magavana haziufungui.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya neno. Katika Kiswahili ngoma ni ile ya kupigwa, ni uchezaji, na ni mkutano wenyewe wa watu. Anayesema "nakwenda ngomani" hakusema kwamba anakwenda kutazama tu. Tofauti baina ya mchezaji na mtazamaji, ambayo leo imewekewa jukwaa na kiingilio, zamani ilikuwa nyembamba sana. Neno lenyewe lilidumu hata baada ya magitaa kuingia, ingawa vijana wa mjini walipenda kuliita jambo lao dansi.

Kabla ya reli, njia kuu ilianza Bagamoyo ikapita Usagara na Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, kisha ikapenya msitu wa Mgunda Mkali hadi Tura na hatimaye Unyanyembe. Mahali ambapo wafanyabiashara wa pwani na Waarabu walijenga tembe zao paliitwa Kaze, na baadaye jina la Tabora likashinda. Kutoka hapo njia ilikwenda Ujiji. Waingereza Burton na Speke, walioondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, waliingia Kaze tarehe 7 Novemba, baada ya siku zaidi ya 130. Stanley, aliyekuwa na haraka ya kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Unyanyembe Juni mwaka huo huo. Basi mtu aliyeondoka Tabora kwenda pwani na kurudi alitumia msimu mzima wa kiangazi, na mara nyingine zaidi.

Wanyamwezi hawakufundishwa njia hii na mtu. Walikuwa wakifika pwani na pembe zao tangu mwanzo wa karne ya 19, kabla misafara ya Waarabu haijazoea kupanda bara, na kabla ya hapo walikuwa wakifanya biashara ya chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma baina ya nchi na nchi. Upagazi ulipogeuka kuwa kazi ya ujira, walikwisha kuwa na mila yake. Kijana asiyepata kufika pwani alihesabiwa mtoto, hata kama ndevu zimemwota. Aliyerudi akiwa na kipande cha merikani, shanga na habari za bahari alikuwa mtu mzima, na maneno yake yalisikilizwa.

Maandalizi ya safari hiyo yalikuwa marefu. Mavuno yalingojewa yaishe. Mganga aliulizwa kuhusu siku njema. Mke aliyebaki nyumbani alikuwa na miiko yake ya kushika mpaka mume arudi, kwani iliaminika kwamba mwenendo wa aliyebaki humfuata aliyekwenda. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na juu yake akaongeza vyake: jamvi la kulalia, chungu, posho ya siku za mwanzo, na silaha. Lakini mtu wa kwanza kutafutwa hakuwa mbebaji wa pembe. Alikuwa kirangozi.

Kirangozi ndiye aliyetangulia mbele ya msafara na bendera. Alivaa joho jekundu, ngozi ya mbega na manyoya kichwani, na karibu naye alikuwapo mpiga ngoma. Hapana mtu aliyeruhusiwa kumpita njiani. Alijua njia, maji na desturi za watemi, lakini alitakiwa pia ajue kuimba, maana yeye ndiye aliyeanzisha wimbo na mstari mzima ukaitikia. Wapagazi walipiga baragumu walipokaribia kijiji. Walifunga kengele kwenye ncha za pembe kubwa za ndovu, na njuga miguuni, kiasi kwamba msafara ulisikika kabla ya kuonekana. Wageni wa Kizungu walioandika habari za safari hizo walilalamikia kelele. Hawakuelewa kwamba zile kelele zilikuwa kazi. Mguu uliochoka huendelea kwa sababu mguu wa mbele yake umefuata mdundo, na msitu wa Mgunda Mkali hauvukwi kimya kimya bila watu kukata tamaa. Kelele hizo zilikuwa pia tangazo kwamba wanaokuja ni watu wengi, wana umoja na hawana hofu.

Jioni, kambi ilipokwisha fungwa na moto kuwashwa, watu hao hao waliobeba frasila mbili tangu alfajiri walicheza. Jambo hili liliwashangaza wengi walioandika. Binafsi sioni ajabu ndani yake. Mchana walikuwa wakiimba kwa ajili ya mzigo wa mtu mwingine, na usiku waliimba kwa ajili yao wenyewe.

Msafara ulipokaribia mji mkubwa, ama Bagamoyo ama Kaze, watu walioga, wakavaa nguo safi walizozitunza kwenye mitumba safari nzima, wakajaza bunduki zao baruti na kuingia kwa milio na nyimbo. Bagamoyo ilipokea makumi ya maelfu ya wapagazi kila mwaka katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Walikaa wiki, pengine miezi, wakingoja kazi ya kurudi bara, na usiku ulikuwa wa ngoma. Humo Wanyamwezi walikutana na Wazaramo, Wazigua, Wakwere, Wamanyema na watu wa Unguja, wakajifunza ngoma za pwani na kuacha zao. Utani baina ya Wanyamwezi na makabila ya pwani, ambao mpaka leo husikika misibani na arusini, ulistawi katika njia hiyo. Mtani alikuwa na haki ya kukucheka mbele ya watu, lakini pia alikuwa na wajibu wa kukupa maji, moto na mahali pa kulaza kichwa. Na ukifa ugenini, yeye ndiye aliyekuzika. Kwa mtu anayepanga kwenda mji asio na ndugu, hilo si jambo dogo.

Hapa lazima tuseme jambo bila kulizunguka. Njia ile ile iliyopitwa na kirangozi na joho lake jekundu ilipitwa pia na watu waliofungwa minyororo na magogo shingoni. Wao hawakuuliza mganga siku njema wala hawakuchagua mavazi. Wengi hawakurudi. Mwandishi anayesimulia nyimbo za misafara bila ya kuwataja anaipamba dhuluma. Lakini mwandishi anayewataja hao tu, akawafanya wote waliotembea njia hiyo kuwa kundi moja la wanyonge waliosukumwa kama ng'ombe, naye anapotosha. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeondoka Unyanyembe aghalabu alikuwa mtu huru. Alipatana ujira, aligoma alipodhulumiwa, alitoroka alipopigwa, na alichagua kiongozi wa kufuatana naye. Kati ya ngoma za Wanyamwezi iko moja iitwayo Hiari ya Moyo. Sitaki kulibebesha jina hilo mzigo usio wake, lakini kila nilisikiapo huwakumbuka watu hao.

Nasema haya kwa sababu jina linalopewa kitu huamua kitakachokumbukwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hii katika orodha ya awali ya maeneo ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na vituo kama Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni hatua njema. Jina lililotumika, hata hivyo, ni la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Mtumwa ametajwa, na ilipasa atajwe. Pembe imetajwa. Aliyeibeba pembe kwa ujira, akaimba njia nzima, akaeneza lugha ya Kiswahili kutoka kambi hadi kambi, hakutajwa. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, tembe alimoishi Livingstone mwaka 1872 imehifadhiwa kuwa makumbusho, na mgeni huonyeshwa habari za Waingereza wawili waliokaa humo. Wapagazi waliowafikisha hapo, ambao hesabu yao ilikuwa mamia, hawana chumba.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Wajerumani walikuwa wameanza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Dodoma 1910. Kigoma walifika mwaka 1914, vita ikiwa mlangoni. Kilomita 840 kati ya Dar es Salaam na Tabora, ambazo mpagazi alizitembea kwa muda wa miezi mitatu, sasa zilikwenda kwa siku chache akiwa ameketi. Bagamoyo ilipitwa kando. Kazi ya upagazi wa hiari ikafa, ikarudi kwa sura mbaya zaidi: katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji walikusanya wapagazi kwa nguvu, na walikufa kwa maelfu mengi kwa njaa na maradhi. Tabora yenyewe ilitekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo mnamo Septemba 1916.

Na ni katika machafuko hayo hayo ndipo ilipoenea ngoma iliyogeuza kabisa namna ya watu kusafiri kwa ajili ya muziki. Nayo ni beni. Ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, watu walipoanza kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, matarumbeta yao, gwaride na vyeo vyao. Tanganyika ikagawanyika katika pande mbili kubwa, Marini na Arinoti. Marini, ambao jina lao latokana na askari wa majini, walijiona watu wa mji na wa pwani, wenye elimu na mavazi. Arinoti kwa kawaida walikuwa watu wa bara, wachukuzi na vibarua. Bila shaka Mnyamwezi aliyeshuka kutafuta kazi Dar es Salaam alijua upande upi ungempokea. Askari na wapagazi wakaichukua beni kila walikopelekwa na vita, nayo ikafika Tabora, Nyasa na mbali zaidi.

Wengi wameandika habari za beni kama mwigo: Mwafrika kavaa kofia ya jemadari, akajiita jenerali au mfalme. Ukiniuliza mimi, kofia si jambo kubwa. Kubwa ni barua. Chama cha Marini katika mji mmoja kiliandikiana na Marini wa mji mwingine, na Arinoti vivyo hivyo. Mwanachama aliyehamia mji mgeni alipokewa na wenzake, akipata maradhi aliuguzwa, akifa alizikwa. Ni kazi ile ile ya utani wa misafara, isipokuwa sasa ilikuwa na karani, daftari na ada. Na kundi lilipotaka kwenda kucheza mji wa pili, safari ilipangwa kwa kalamu. Wenyeji walipaswa kujua idadi ya wageni ili wachange fedha za mchele na mbuzi, na waandae nyumba za kuwalaza. Wageni nao walichangishana nauli, wakashona sare, wakafanya mazoezi. Heshima ya mji ilipimwa kwa ngoma, na kwa karamu vilevile; mji ulioshindwa kuwalisha wageni wake uliaibika kuliko ulioshindwa kwa kucheza.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walizishtukia barua hizo. Mwaka 1919 maofisa wao wa upelelezi walikuwa wakichunguza vyama vya beni, wakihofu kwamba mtandao wa watu wanaojuana kutoka pwani hadi maziwa makuu, nao hawakuundwa na serikali, ungeweza siku moja kubeba jambo jingine lisilokuwa ngoma. Uchunguzi wao haukuona njama. Lakini hofu yao haikuwa ya kijinga. Mwaka 1955, TANU ilipotaka kupata wanachama wanawake mjini Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama, na kupitia kwao akawapata wanawake kwa maelfu. Miaka mitatu baadaye, Januari 1958, wajumbe wa TANU walikutana Tabora na kufanya ule uamuzi wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu unaokumbukwa kwa jina la Uamuzi wa Busara. Watu wa nchi hii walikuwa wamekwisha kuzoea kukusanyika kutoka miji ya mbali, kulazwa na wenyeji, kushindana kwa maneno na kuagana. Walijifunzia wapi? Sidai kwamba walijifunzia ngomani peke yake. Nasema kwamba ngoma ilikuwa mojawapo ya shule, na ilikuwa ya zamani kuliko chama.

Kati ya vita viwili beni ikaanza kupungua nguvu, na muziki wa magitaa ukachukua nafasi. Mwaka 1928 mambo mawili yalitokea yasiyokuwa na uhusiano, ila kwa somo letu yana uhusiano mkubwa: njia ya reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika, na Siti binti Saad wa Unguja alisafiri kwenda Bombay kurekodi santuri. Reli iliiweka Tabora katika njia panda ya watu wa Ziwa Viktoria, wa Ziwa Tanganyika na wa pwani. Santuri ilileta jambo jipya kabisa, nalo ni kuisikia sauti kabla ya kumwona mwenye sauti. Zamani mtu alifuata ngoma kwa sababu ya habari zake. Sasa aliifuata kwa sababu alikwisha kuisikia na hakushiba. Redio, iliyoanza kutangaza kutoka Dar es Salaam mwaka 1951, ilizidisha njaa hiyo mara nyingi.

Tabora ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa mji wa dansi. Palikuwa na Kiko Kids chini ya Salum Zahoro, palikuwa na Nyanyembe Jazz, ambayo jina lake laeleza lilikotoka, na baadaye ikavuma Tabora Jazz pamoja na Shem Karenga, kwa mtindo wao wa Segere Matata. Reli ya Kigoma ilikuwa karibu na Kongo, na magitaa ya Kongo yalisikika. Dar es Salaam nako wenyeji wa Jimbo la Magharibi walikuwa na bendi yao, Western Jazz, iliyoanzishwa na Iddi Nhende. Kijana wa Tabora aliyeshuka mjini alijua kwamba jioni ya Jumamosi kuna mahali ambapo jina la kwao limeandikwa mlangoni. Morogoro, katikati ya njia, zilikuwapo Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na ushindani wao ulijulikana nchi nzima.

Basi mtu wa Tabora aliyekusudia kwenda kusikiliza bendi ya mji mwingine katika miaka ya 1970 alijiandaaje? Aliomba likizo, au aliingoja. Alimwandikia ndugu barua wiki nyingi kabla, kwa maana jibu lazima lirudi. Alikata tikiti ya daraja la tatu na kufika stesheni mapema kugombea nafasi dirishani. Hakubeba chakula kingi, kwani kila stesheni ilikuwa na soko lake, na hakuna msafiri wa reli ya kati asiyemjua kuku wa Saranda. Suruali ya dansi ilikunjwa chini kabisa ya sanduku isikunjamane, kama vile mpagazi alivyoitunza nguo yake nyeupe ndani ya mtumba mpaka kambi ya mwisho kabla ya mji. Akatenga pia fedha za kutunza. Jambo hili wageni hawalielewi upesi. Ukifika ugenini, bendi ikapiga wimbo ulioufuata kutoka mbali, huwezi kukaa kitini na mikono mitupu, utainuka, utakwenda mbele huku ukicheza, utambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, nao watu wataulizana, "Yule ni nani?" na ataambiwa mtu, "Katoka Tabora yule." Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alitoka kwao kwenda kutunza.

Bendi zenyewe nazo zilisafiri. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa na studio, na bendi ya mkoani iliyotaka wimbo wake usikike nchi nzima ilishuka na vyombo vyake mpaka Dar es Salaam, ikarekodi, ikarudi. Njiani ilipiga dansi kupata nauli. Barabara zilikuwa mbaya na magari mabovu. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe naye alikufa kwa ajali ya gari Januari 1979, akiwa ugenini Mombasa. Baada ya vita vya Kagera hali ya uchumi ikawa ngumu, mafuta yakaadimika, na magari ya watu binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Ikiwa gari lako halina ruhusa ya kutembea jioni ya Jumapili, dansi la Jumapili katika mji wa jirani limekwisha. Wapo waliosema wakati huo kwamba nchi yenye shida haina haja ya watu kuzunguka wakitafuta muziki. Ni maneno ya mtu asiyekumbuka kambi za Mgunda Mkali, ambako waliokuwa na shida kuliko sisi sote walicheza kila jioni.

Serikali kwa upande wake ilikuwa imelitambua jambo la ngoma tangu mwanzo. Katika hotuba yake ya Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana, akieleza kwa uchungu namna Waafrika walivyofundishwa kuzionea haya ngoma zao. Kikundi cha ngoma cha taifa kikaundwa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikawekwa Bagamoyo. Sijui kama waliochagua mahali hapo waliwafikiria wapagazi. Pengine walifikiria ufuko na upepo tu. Hata hivyo chuo kiliwekwa pale pale ilipoishia njia ya kutoka Unyanyembe, na tamasha lake la kila mwaka limewavuta watu kutoka mikoa yote.

Mtu wa Tabora anayetaka kulihudhuria tamasha hilo hawezi kuifuata njia ya babu zake. Reli haikwendi Bagamoyo. Hushuka Dar es Salaam, au huacha treni ya zamani na kupanda ile ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024. Kisha hutafuta basi la kwenda kaskazini, mwendo wa kilomita 70 hivi. Akifika huuliza ratiba, huuliza bei ya chumba, hununua samaki wa kukaanga, na jioni huketi kungojea. Kwa miaka mingi walioinuka jukwaani hapo walikuwa pamoja na Wagogo wa ukoo wa Hukwe Zawose, fundi wa zeze na ilimba kutoka Dodoma, aliyeishi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Ugogo, ambako wapagazi walitoa hongo ya nguo na shanga ili waruhusiwe kupita na kuteka maji, ndiko yalikotoka mazeze ambayo Mnyamwezi huyu amelipa kiingilio ayasikilize. Ngoma ikisha, aulizie mapema basi la kurudi Dar es Salaam, maana treni ya bara haiondoki kila siku.